Nani Yuko Upande wa Pili

Watu wa rika langu tukianza kukumbushana intaneti ya zamani, hatuchelewi kufika kwenye kasi. Mmoja atasimulia jinsi picha moja ilivyokuwa ikifunguka kuanzia nywele, unasubiri, linakuja paji la uso, unasubiri tena, na muda wa kafe unakwisha kabla hujaona kidevu. Tunacheka, maana ni kweli tupu. Ila mimi naona kasi ndilo badiliko dogo kuliko yote. Kubwa ni nani unamkuta upande wa pili. Nilianza kuingia mtandaoni kutafuta watu nisiowajua kabisa. Baada ya miaka michache ukoo mzima ukanifuata humo humo. Na sasa naletewa wageni tena, lakini safari hii siwatafuti mimi. Mashine ndiyo inayonichagulia, na wenyewe hawajui kama nipo.

Kafe niliyoizoea ilikuwa Mwenge, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chumba kimoja chenye joto, vibanda vya plaiwudi, kompyuta za mtumba zenye visogo virefu, na kibodi ambazo herufi A ilishafutwa na vidole vya watu. Unamlipa dada wa kaunta, anakupa kikaratasi chenye namba. Ukishaiingiza, saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma kwenye kona ya kioo, na jicho lako moja halitoki pale. Wajanja tulikuwa tunaandika barua pepe nyumbani kwenye daftari, tukifika kafe ni kunakili tu. Wengine walikuja wawili, wakalipia muda mmoja, wakagawana kiti, huyu ameshika mausi na yule anaamuru. Umeme ukikatika kabla hujabonyeza kutuma, chumba kizima kinaguna kwa pamoja, halafu kila mtu anamgeukia dada wa kaunta kudai dakika zake.

Uzito ule wa mtandao haukuwa kosa la kafe. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa bado haijafikiwa na mkongo wa baharini, yaani kebo ya intaneti inayopita chini ya bahari. Kila ulichobonyeza kilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, kikashuka Ulaya au Marekani, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Hata ungekuwa na kompyuta mpya kiasi gani, zaidi ya nusu sekunde ilikuwa inaliwa na safari hiyo kila unapobonyeza, na njia yenyewe ilikuwa nyembamba na ghali, mwenye kafe akiigawa kwa kompyuta zote zilizomo.

Na tulikuwa tunafanya nini kwa hela hiyo yote? Kupiga soga na wageni. Yahoo ilikuwa na vyumba vya kuchati, na ukiingia, swali la kwanza ni herufi tatu, ASL, yaani una umri gani, jinsia gani, uko wapi. Unajibu unavyotaka. Nimewahi kuwa mwanafunzi wa udaktari Toronto mpaka kikaratasi kikaisha muda. Hakuna aliyetumia jina la cheti cha kuzaliwa. Hata anwani za barua pepe zilikuwa za kujinadi. Namfahamu jamaa aliyepeleka maombi ya kazi kwa anwani iliyoanza na neno mtanashati, na hakuona tatizo lolote. Nyumbani hawakujua tunafanya nini huko. Kwa mama nilikuwa "nimekwenda kwenye kompyuta", na hilo lilitosha kwa sababu lilifanana na masomo. Ukiniuliza uhuru gani wa ujana wangu ambao mtoto wa leo hajauonja, nitakutajia huo: kuongea na dunia bila mtu hata mmoja wa mtaani kwenu kujua.

Kisha wageni wakaanza kuongea Kiswahili, na hapo ndipo mambo yalinoga. Ndesanjo Macha alikuwa akiandika blogu yake, Jikomboe, kwa Kiswahili wakati wengi wetu tuliamini mtandao ni mali ya Kiingereza. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti ya serikali, naye akafungua blogu, na ghafla Mtanzania aliyeko Reading, Uingereza, na mwenzake wa Minneapolis, Marekani, wakawa na mahali pa kuona harusi, misiba na foleni za Dar kila asubuhi. Ankal, kama Michuzi alivyojulikana, aliwaita wasomaji wake wadau, nao wakakubali. Chini ya picha ya barabara iliyojaa maji ungekuta maoni rundo, wanabishana kuhusu mifereji, siasa, na mwishowe kabila la mtu, na sahihi zao ni "Mdau, UK", "Mdau, Ughaibuni", "Mdau mwenye uchungu". Ulikuwa humjui mdau mwenye uchungu ni nani, lakini ukizoea kusoma unaanza kuitambua hasira yake.

Mwaka uliofuata Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha Jambo Forums, ambayo tangu 2008 tunaijua kwa jina la JamiiForums. Kule watu walijiita "Great Thinkers", kwa Kiingereza na bila aibu, na baadhi yao kweli walistahili. Wakati wa sakata la Richmond, la mkataba wa umeme wa dharura, lililomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008, nilikuwa nanunua gazeti asubuhi halafu naingia jukwaani kusoma kile ambacho gazeti limekiogopa. Mwandishi angeweza kuwa karani wa wizara, angeweza kuwa mzushi wa Buguruni. Kazi ya kupambanua ilikuwa yako, na wenzako jukwaani walikuwa wakali. Ukileta uzushi unaulizwa chanzo kabla ya salamu.

Sitaki kuwasifu wageni kupita kiasi. Mwezi mmoja kabla, Januari 2008, Kenya ikiungua baada ya uchaguzi, jukwaa la Mashada lilijaa maneno ya kuchochea kabila dhidi ya kabila hadi mwendeshaji wake, David Kobia, akaona heri alifunge. Watu waliokuwa wakitaniana kuhusu mpira kwa majina ya bandia walitumia majina yale yale kuombeana mauti. Kobia huyo huyo alikuwa miongoni mwa walioanzisha Ushahidi, jukwaa la ramani lililokusanya taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi kwa meseji za simu na kwa mtandao. Kutojulikana kulizaa yote mawili ndani ya wiki chache.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulizinduliwa, ukipita Dar es Salaam na Mombasa. Wa TEAMS nao ukafika Mombasa mwaka huo kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, na EASSy ikafuata 2010. Wenye kafe walifurahi, wakidhani sasa wateja watajaa. Wateja wakaondoka. Walikuwa wameshahamia kwenye simu za Nokia zenye Opera Mini, programu iliyokuwa inaupitisha ukurasa kwenye mitambo yake, inaukamua ubaki mdogo, ndipo inakutumia. MB chache zilikupeleka mbali. Kafe ya Mwenge ikawa ya kutoa kopi na kuprinti, halafu duka la vipodozi.

Facebook ndiyo iliyoanza kutuvua vinyago. Ilitaka jina lako kamili na picha ya uso wako, na sisi tuliokuwa na majina matatu ya uongo tukatii kama watoto wa shule siku ya ukaguzi. Mwanzoni raha: rafiki wa darasa la nne, yule aliyehamia Tabora, huyu hapa ana watoto wawili na kitambi. Kisha likaja ombi la urafiki kutoka kwa mwalimu wangu wa hesabu. Likaja la shemeji. Likaja la mjomba, na mjomba akalaiki picha niliyopigwa Bagamoyo miaka mitatu nyuma, maana yake alizipitia zote. Mwaka 2014, kampuni ya simu ya Tigo ilipoanza kuitoa Facebook bure, hata waliokuwa hawana bando waliingia. Tangu hapo nikawa naandika jambo, nalisoma kwa macho ya mjomba, nalifuta.

Lakini aliyemaliza kazi ni WhatsApp. Kuna kejeli ndogo hapa ninayoipenda: Jan Koum na Brian Acton walioianzisha mwaka 2009 walikuwa wafanyakazi wa zamani wa Yahoo, kampuni ile ile iliyotufundisha kuchati na wageni. Walichotengeneza kilikuwa kinyume chake. Hakuna jina la kujipachika wala chumba cha kuingia. Kitambulisho chako ni namba ya simu, na watu wako ni wale waliokwisha kuwa kwenye simu yako. Kwa kuwa ilikubali hadi kwenye Nokia za bei ya chini, haikumsubiri mtu anunue simu janja. Facebook ilipotangaza Februari 2014 kuinunua kwa dola bilioni 19, wengi walishangaa ile hela. Mimi nilikuwa kwenye grupu la kamati ya harusi ya binamu yangu, na sikushangaa.

Asiyewahi kuwa kwenye grupu la kamati ya harusi hajui mtandao wa kijamii ni nini. Admini ni mwenyekiti, au mtu ambaye mwenyekiti anamwogopa. Kila jioni mtunza hazina anatuma orodha, jina moja mstari mmoja: huyu ameahidi laki mbili, ametoa laki, bado laki, yule ameahidi elfu hamsini, ametoa zote, anawekewa alama ya tiki na maua. Orodha ni ile ile ya jana isipokuwa mistari miwili, lakini inatumwa nzima, ili jina lako liendelee kukaa hapo na deni lake mbele ya watu. Ukituma mchango kwa simu unaweka na picha ya muamala. Ukikaa kimya wiki mbili, mtu anakutaja, "tunaomba neno kutoka kwa kaka yetu", na wote wanajua neno linaloombwa lina sifuri ngapi. Huwezi kulefti. Yaani unaweza, kitufe kipo, lakini admini ataarifiwa kwamba umetoka, na habari hiyo itafika Tanga kabla yako. Zamani WhatsApp iliruhusu watu mia moja kwa grupu, na kwa ukoo wetu kulikuwa na kesi za nani ameachwa nje. Idadi ilipopandishwa hadi 256 kesi zikaisha, likabaki tatizo la kusoma meseji zote.

Grupu la ukoo ni jingine na halina mwisho, harusi ije isije. Ijumaa kuna picha za waridi na "Ijumaa Kareem", zaweza kufika thelathini kabla ya saa tatu asubuhi, na kila moja lazima iitikiwe na wazee. Kuna dawa ya sukari ya majani ya mlonge. Kuna onyo la chanjo, la mafuta ya kupikia, la mtu anayeiba watoto na gari nyeupe, ambalo hulikuta lina alama ya kusambazwa mara nyingi na limeandikwa kwa herufi kubwa. Aprili 2020, uvumi wa korona ulipochacha, WhatsApp iliweka kizuizi kwamba ujumbe uliokwisha kusambaa sana upelekwe kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati. Kwetu kilipunguza kidogo. Mama mdogo akikwama anaandika upya kwa mkono.

Huyu mama mdogo anaishi Muscat, na kwangu ndiye mtaalamu halisi wa teknolojia hii. Oman kwa miaka mingi imezuia kupiga simu kupitia WhatsApp; ujumbe unapita, simu haipiti. Basi yeye anaishi kwa vois. Anabonyeza kile kipaza sauti anaanza na salamu kamili, anamuulizia kila mtu kwa jina, anasimulia aliyoyapika, anakatizwa na adhana, anasubiri imalizike huku bado anarekodi, anaendelea. Dakika sita, dakika nane. Vijana wanasikiliza kwa kasi ya mara mbili, wanapata mama mdogo anayeongea kama mnadi wa samaki. Mimi nasikiliza taratibu, nikiosha vyombo. Nimejua habari za Muscat kwa undani ambao barua za ndege hazikuwahi kutupa, na tulipofiwa na babu, sauti yake ikisoma dua ilifika kabla hatujapata maturubai.

Ndiyo maana nikisikia watu wakilaumu simu kwamba imeua undugu huwa nasogea pembeni. Kwetu imeukaza hadi unabana. Malalamiko yangu ni mengine: ndani ya ukoo huwezi kufikiri kwa sauti. Jambo la siasa, la dini, la ndoa, vyote vinapimwa kwanza nani atakasirika. Nimekuwa mtu wa kuitikia "Amin" na "pole sana" na kuweka tiki. Wale wadau wenye uchungu walinijua kwa mawazo bila kuijua sura yangu. Hawa wananijua tangu nimezaliwa, na mawazo yangu sijawahi kuwapa.

Wafanyabiashara nawapita haraka, ingawa Instagram kwetu ni soko kuliko ilivyo albamu. Gauni zuri, mwanamke mzuri, chini yake "bei njoo inbox". Sijawahi kuelewa kwa nini bei ni siri na gauni ni hadharani. Mzigo unaletwa na boda, na rangi siyo ile.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, hayupo katika hayo yote. Ana TikTok. Nilikaa naye jioni moja nikitazama anavyotumia, na kilichonishangaza ni kwamba hatafuti kitu. Hakuna anwani anayoandika wala rafiki anayemfungulia ukurasa. Anafungua, video inacheza, anapandisha kidole. Hii sekunde mbili, ile anaitazama hadi mwisho, na mtambo unahesabu aliposita wapi, kisha unamletea inayofanana. Watu mia kwa nusu saa, karibu wote wageni.

Ni mashine hiyo hiyo iliyompata Kili Paul. Kijana wa Kimaasai wa mkoa wa Pwani, aliyevaa rubega na kusimama nje ya nyumba na dada yake Neema, akifuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi mwaka 2021. Hakuwa na meneja wala redio. Mtambo ulipima kwamba Wahindi wakimwona hawapandishi kidole, ukawapelekea wengine, na Februari 2022 Ubalozi wa India Dar es Salaam ukampa heshima, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja yeye na dada yake katika hotuba yake ya redio. Wadau wa Michuzi wasingeweza kumfanyia hivyo, kwa sababu blogu ilihitaji mtu aijue na aifuate. Lakini tofauti nayo ni hii: ukiacha kutazama leo, Kili Paul hajui kama umeondoka. Mdau mwenye uchungu akipotea wiki nzima tulimuulizia.

Wageni hao wa mashine wanaweza pia kugeuka wenzako. Juni 2024 vijana wa Kenya waliuchambua Muswada wa Fedha kwenye TikTok, wakautafsiri kwa lugha za mama, wakajadiliana usiku kucha kwa sauti kwenye X (zamani Twitter), na tarehe 25 wakafika bungeni Nairobi wenyewe kwa miguu yao, wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Wengi wao walikutana barabarani kwa mara ya kwanza.

Lakini miaka michache kabla ya hapo, kwetu Tanzania, jina la mtu lilikuwa linazidi kubanwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuja 2015. Desemba 2016 Melo alikamatwa katika mvutano na polisi waliotaka taarifa za wachangiaji wake, naye akakataa kuwataja. Kanuni za 2018 zikamtaka mwenye blogu alipie leseni. Ukijumlisha maombi, leseni na ada ya mwaka ilifika shilingi 2,100,000, na blogu za watu wa kawaida nilizozipenda zikazimika moja baada ya nyingine. Kanuni hizo zilizitaka hata kafe ziweke kamera, wakati kafe zenyewe zilikuwa zimebaki chache. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa. Mwanafunzi wa udaktari wa Toronto hawezi tena kuzaliwa. Kidole chake kiko kwenye laini.

Halafu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchini, ikakaa hivyo siku kadhaa. Sitaandika hapa yaliyotokea mitaani siku zile. Nitaandika tu jinsi ilivyokuwa ndani. Dada alianza kupiga simu za kawaida, namba moja baada ya nyingine, akiulizia nani yuko wapi na nani ana unga. Mama mdogo alipiga kutoka Muscat kwa laini ya kulipia, akasema kwa haraka kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mjomba hakuwa na salio, tukamtumia. Kila niliyekuwa na namba yake nilimpata. Waandishi ninaowasoma X, fundi wa Arusha ambaye video zake zimenifundisha kurekebisha bomba, yule bibi wa Lamu anayepika mbaazi za nazi, wote walitoweka kwa mpigo, na hakuna hata mmoja ambaye ningejua pa kumtafuta.

Mtandao uliporudi nilimuuliza mpwa alimkosa nani zaidi. Akafikiri kidogo. "Hakuna mtu, mjomba. Nilikosa tu kuskroli." Mama yake alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Akatokeza kichwa akasema kwa kuwa sasa mtandao umerudi, na orodha ya mchango wa harusi imerudi, na mimi bado nadaiwa elfu themanini.